Wa Kwenye Simu na wa Nyumbani Wawe Mtu Mmoja

SOMO KWA WAAMINI WOTE, HASA VIJANA NA WAZAZI WAO

Mafungu ya kusoma: Matayo 6:1-6 na 16-18, 1 Samweli 15:10-31, Isaya 39, Matendo ya Mitume 5:1-11.

Lengo la somo: Mkristo ajue kujionyesha kwa ukweli mbele ya watu, hata ndani ya simu, pasipo kuwaomba watu wampimie thamani yake.



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mkononi ama mfukoni, yaani simu. Hatusemi juu ya simu ya kuongea na mama aliye mbali; hiyo ni baraka, tumshukuru Mungu. Tunasema juu ya picha na maneno tunayoweka ndani yake ili watu watutazame, kwenye Facebook, kwenye WhatsApp, kwenye TikTok na mahali pengine pa namna hiyo. Wazee wasiotumia vitu hivi wasifunge ukurasa huu. Kabla somo halijaisha wataona kwamba linawahusu nao pia.

1. JAMBO LILILOTUSUKUMA KUANDIKA

Kijana mmoja wa kwetu aliondoka Kalemie akaenda Kolwezi kutafuta kazi, kwa kuwa kule kuna migodi ya shaba na kobalti, na watu husema pesa inatembea. Kazi ya mgodi hakuipata. Alipata kazi ya kuosha motokari kwa tajiri mmoja, na usiku alilala ndani ya depo, juu ya makartoni. Kuosha motokari si jambo la haya. Ni kazi safi, mtu anakula jasho lake. Lakini yeye aliona haya. Basi kila alipomaliza kuosha, alisimama pembeni ya motokari ile inayong'aa, akavaa miwani, akaegemea mlango, akapigwa picha. Picha ikaingia kwenye simu. Watu wa nyumbani wakamwandikia: "Mkubwa! Mungu amekuinua!" Yeye hakujibu ndiyo, hakujibu hapana. Alituma tu ile alama ya mikono iliyokunjwa, ya kushukuru.

Mdogo wake alikuwa darasa la tano la sekondari, mwaka mmoja tu kabla ya diploma ya serikali. Alitazama picha hizo miezi mingi, akajiambia: "Kaka hakumaliza masomo, na tazama alipofika. Mimi ninafanya nini hapa na daftari?" Akamsihi papa yao. Wakauza mbuzi wanne na kipande cha shamba la mihogo, akapanda gari-moshi, kisha lori, akafika Kolwezi akiwa amechoka sana. Alimkuta kaka yake na ndoo mkononi. Usiku ule walilala wawili juu ya makartoni yale yale.

Pasta alipomwuliza yule mkubwa, alijibu: "Papa pasta, mimi sikumdanganya mtu. Sikusema hata siku moja kwamba motokari ni yangu." Ni kweli, hakusema. Picha ndiyo iliyosema, naye aliiacha iseme. Mpaka tunapoandika somo hili, mdogo hajarudi darasani, na papa yao analima shamba la kukodi. Ndiyo sababu tumeona tusinyamaze.

2. UGONJWA HUU NI WA ZAMANI

Tusidhani kwamba simu ndiyo iliyozaa jambo hili. Walio na umri wanakumbuka studio za picha mjini, ambako fundi alikuwa na koti na tai za kuazimisha wateja, na nyuma yao pazia lililochorwa maua ama ndege ya kuruka. Wanakumbuka pia barua zilizotoka Ulaya, na ndani yake picha ya ndugu aliyesimama mbele ya motokari ya mtu asiyemjua. Jamaa nzima waliizunguka picha ile wakasema, "Huyu amefika." Tofauti ya leo ni mwendo. Picha ya studio iliwafikia watu kumi. Ya leo inawafikia watu elfu moja kabla bukari haijaiva jikoni.

Na tukirudi nyuma zaidi, Maandiko yanatuonyesha watu watatu ambao ugonjwa huu uliwapata.

a) Mfalme Sauli. Mungu alimpa agizo juu ya Waamaleki, naye hakulitimiza; aliwaacha hai mifugo wazuri na mfalme wao Agagi. Kabla hata nabii Samweli hajamfikia, Sauli alikuwa amekwisha kujisimamishia nguzo ya ukumbusho kule Karmeli. Tutazame vema: utii haujakamilika, lakini ukumbusho uko tayari! Na Samweli alipomwambia kwamba ufalme umemtoka, Sauli aliomba nini? Alikubali kwamba amefanya dhambi, kisha akamwomba nabii arudi pamoja naye, amheshimu mbele ya wazee na mbele ya Israeli. Moyo wake ulikuwa unavuja damu, naye alitafuta namna ya kuonekana mzima.

b) Mfalme Hezekia. Huyu alikuwa mtu wa sala, tena Mungu alikuwa amemponya ugonjwa wa kufa. Wakaja wajumbe kutoka Babeli na barua na zawadi, wakimpa pole na hongera. Hezekia akafurahi, akawafungulia nyumba yote: fedha, dhahabu, manukato, mafuta ya thamani, silaha. Isaya akamwuliza waliona nini. Akajibu kwamba hakuna kitu ambacho hakuwaonyesha. Ndipo nabii akamwambia kwamba siku zitakuja, vyote vitachukuliwa kwenda Babeli. Hezekia hakusema uongo hata kidogo. Mali ilikuwa yake. Kosa lake lilikuwa kumfungulia kila hodi milango ya ndani, kwa furaha ya kusifiwa.

c) Anania na Safira. Waliuza kiwanja chao, wakaleta sehemu ya bei mbele ya mitume, wakajifanya wameleta yote. Petro aliwaonyesha kwamba hakuna aliyewalazimisha. Kiwanja kilikuwa chao, na pesa ilikuwa yao. Wangeweza kuleta nusu na kusema ni nusu. Nusu ya kweli ingepokelewa. Walichotaka ni jina la watu waliotoa yote, na jina hilo liliwaua.

Tunaona hapa namna tatu: kuficha kidonda kwa heshima ya bandia, kufungua mno kwa ajili ya sifa, na kuongeza chumvi juu ya tendo jema. Kila mmoja wetu ajiulize yake ni ipi.

3. SIMU INATUHESABU

Ni vema tujue kitu hiki kinafanya kazi namna gani, kwa sababu mtu asiyejua mtego hawezi kuukwepa. Facebook ilianza mwaka 2004. Miaka ya kwanza, mtu aliyependa picha yako alipaswa kukuandikia neno. Mwaka 2009 waliongeza kile kidole gumba cha kubonyeza, na pembeni yake hesabu. Tangu hapo mtu hahitaji tena kukuambia kitu. Anabonyeza tu, nawe unabaki na nambari. Mwaka 2017 WhatsApp ilileta statu ya picha, ambayo inakaa saa 24 kisha inapotea, na ndani yake mwenyewe anaona orodha ya wote waliotazama.

Kwa nini wanatuhesabia? Mapato makubwa ya Facebook yanatoka katika matangazo ya biashara. Kadiri tunavyorudi kutazama nani ametupenda, ndivyo matangazo yanavyopita mbele ya macho yetu, nayo yanalipiwa. Kwa hiyo tamaa yetu ya kusifiwa ni shamba la mtu mwingine, naye ndiye anayevuna. Ni vizuri kujua pia kwamba mwaka 2021 Facebook na Instagram zilimruhusu kila mtu kuficha hesabu ile, akitaka. Hata wenye duka walikubali kwamba wako wateja wanaohitaji kupumzika.

Hebu tufikiri. Dada anaweka picha siku ya Mungu akitoka ibadani, watu 200 wanabonyeza. Juma linalofuata anaweka nyingine, watu 30 tu. Anaanza kujitazama katika kioo: nimekonda? nimezeeka? nguo hii wameizoea? Juma la tatu anakopa dola 40 kwa mama wa likelemba ili anunue kitenge kipya. Tumwulize: kati ya siku ile ya 200 na siku ile ya 30, Mungu amepunguza nini katika upendo wake? Hakuna. Watoto wake wamepunguza nini? Hakuna. Kilichopungua ni vidole vya watu ambao wengine walikuwa sokoni, wengine hawakuwa na mega, wengine walikuwa wamelala. Na kwa ajili ya hivyo sasa ana deni.

4. JE, NI DHAMBI KUONEKANA?

Wengine watatuuliza: "Je, kwaya zetu haziimbi mbele ya watu? Fanfari haipiti barabarani? Yesu mwenyewe hakusema tuwe nuru?" Swali ni la haki, nasi tunalijibu.

Katika Matayo 5:14-16 Bwana anatufundisha kwamba taa haiwashwi ili ifunikwe. Katika Matayo 6 anatuonya tusifanye wema kwa ajili ya kutazamwa. Mafundisho haya mawili yalitoka katika kinywa kimoja, siku moja, mlimani, hayapigani. Jambo la kupima ni hili: mtu akikwisha kutazama, sifa inamwendea nani? Katika lile la kwanza watu wanaona matendo, wanamtukuza Baba aliye mbinguni. Katika lile la pili watu wanamsifu mtendaji, na Yesu anasema watu wa namna hiyo wamekwisha kulipwa. Wasingoje kitu kingine.

Kwa hiyo kuweka picha ya arusi, ya mtoto aliyepata diploma, ya kazi ya mikono yako, hakuna neno. Fundi viatu anayeonyesha viatu alivyoshona anatafuta mkate wake, na anafanya vema. Mama anayeonyesha samaki wake ili wauzike anafanya vema. Furaha ya kweli ikigawanywa inaongezeka. Lakini wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukiona tunapaswa kujitembeza kila saa ili tujisikie kuwa watu, tujue ndani kuna upungufu ambao picha haiwezi kuujaza.

5. UKWELI SI KUMWAGA YOTE

Hapa tunatoa onyo la upande wa pili. Wako vijana wanaosema: "Mimi ni mtu wa kweli, sifichi kitu," kisha wanaweka ugomvi wa ndoa kwenye statu, matusi juu ya mama mkwe, picha ya mgonjwa kitandani akiwa hana nguvu ya kukataa. Huo si ukweli wa Kikristo. Tumekwisha kuona Hezekia alivyofungua nyumba yote. Kila tunachoonyesha kiwe cha kweli. Lakini si kila cha kweli kinapaswa kuonyeshwa. Lupango lina ukuta na lina mlango. Ukuta si uongo, ni heshima. Machozi yako yana mahali pake: mbele ya Mungu, mbele ya pasta wako, mbele ya rafiki mmoja ama wawili waliokwisha kukujua kwa miaka.

6. TUSIMVUE MASKINI NGUO ILI TUJIVIKE SISI

Jambo hili linatuumiza, nasi tunaliandika kwa kujihukumu wenyewe kwanza. Tunapokwenda kumtembelea mjane, ama ndugu waliokimbia vita, tunabeba sabuni, chumvi na unga. Lakini kabla ya kutoa, mmoja wetu anasema: "Ngojeni, tupige picha." Mama anasimamishwa, mfuko unawekwa katikati ya mkono wetu na mkono wake, anaambiwa atabasamu. Jioni picha iko katika simu za mji mzima.

Mama mmoja alituambia hivi, kwa upole: "Unga wenu tulikula siku tatu. Picha yenu bado inatembea. Watoto wa shule wanamwita mwanangu jina la ule mfuko." Tulinyamaza. Hatukuwa na jibu.

Wakristo, Matayo 6:1-4 inasema juu ya jambo hili waziwazi kabisa. Kama kanisa linahitaji ripoti ya matoleo, tupige picha ya mifuko kabla haijagawanywa, tuandike hesabu, tuweke sahihi. Uso wa mwenye shida si risiti yetu.

7. MIAKA THELATHINI BILA WATAZAMAJI

Katika nchi yetu tunao mfano mkubwa. Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya hadharani kule Nkamba mwezi wa Aprili 1921, na makundi ya watu yalimfuata. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikamatwa. Hiyo ni kama miezi mitano tu. Akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa mbali na watu wake mpaka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu ya leo. Akakaa gerezani mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951.

Tupige hesabu pamoja: miezi mitano mbele ya macho ya watu, miaka thelathini ndani ya ukuta. Hakuna aliyempigia makofi mule. Kama thamani ya mtumishi ingetoka kwa watazamaji, miaka ile thelathini ingekuwa bure. Lakini waamini hawakuihesabu kuwa bure, nasi hatuihesabu hivyo. Mungu anayeona sirini alikuwa anaona hata kule.

Sisi je, tunaweza kukaa siku tatu pasipo kuonekana?

8. TUFANYE NINI?

Kwanza, kabla ya kuweka picha, tujiulize swali moja: kama hakuna mtu hata mmoja atakayebonyeza, bado nitafurahi kwamba nimeiweka? Jibu likiwa hapana, tuiache.

Pili, tusipigwe picha na kitu kisicho chetu kwa namna inayoonyesha ni chetu. Na kama watu wamekwisha kudanganyika, tuwarekebishe siku ile ile. Neno moja la "hii ni motokari ya tajiri wangu, mimi ninaiosha" lingeokoa shamba la mihogo.

Tatu, tupunguze kuhesabiwa. Katika Facebook na Instagram inawezekana kuficha hesabu. Katika WhatsApp, ukizima alama za kusomwa, hutaona tena orodha ya waliotazama statu yako. Asiyejua namna ya kufanya amwombe kijana wa jirani amwonyeshe. Ni kazi ya dakika mbili.

Nne, tuombe ruhusa kwa kila mtu ambaye uso wake uko katika picha. Mtoto naye ana heshima yake.

Tano, wazazi na wazee, neno lenu ni hili. Mara nyingi kijana anatafuta sifa kwa wageni kwa sababu nyumbani hajasikia hata moja. Papa, ni lini ulimwambia mwanao "umefanya vema" pasipo kuongeza "lakini"? Na sisi wazazi wenyewe, je, hatukumsukuma? Tulimlinganisha na mtoto wa jirani aliyetuma pesa, tukamwuliza kwa simu, "Wewe umekwisha nunua nini?" Kijana wa Kolwezi alituambia kwamba swali hilo aliulizwa juma la kwanza tu alipofika. Tusiwatwike watoto deni la kuonekana.

Sita, tutoe walau tendo moja jema kila mwezi ambalo hakuna mtu atakayelijua, hata mke, hata mume, hata pasta. Ndilo zoezi la Matayo 6, na linaponya.

Wapendwa, yule kijana bado anaosha motokari. Alimtumia papa yake neno la sauti, akamweleza yote, mahali anapolala na mshahara anaopata. Papa alinyamaza siku mbili, kisha akamjibu: "Sasa ninajua mwanangu yuko wapi." Kila mwezi kijana anatuma franka kidogo za kukomboa shamba na za masomo ya mdogo wake. Jambo hilo halina picha, nasi tumelisikia kwa papa mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA VIKUNDI

1. Kati ya Sauli, Hezekia, na Anania na Safira, ni kosa la nani linalotukaribia zaidi? Kwa nini?
2. Kijana wa Kolwezi hakusema neno la uongo. Je, alidanganya? Eleza.
3. Kuna tofauti gani kati ya Matayo 5:16 na Matayo 6:1?
4. Kikundi chetu kikienda kutembelea wenye shida, tutafanya namna gani juu ya picha?
5. Wazazi: ni neno gani la kutia moyo mtakalomwambia mtoto wenu juma hili?

TUOMBE

Baba, wewe unatuona jikoni na barabarani, na macho yako hayabadiliki. Utuondolee haya ya kazi zetu ndogo na kiu ya sifa za watu. Uwakumbuke watoto wetu walio mbali, wapate nguvu ya kutuambia ukweli, nasi tupate moyo wa kuupokea. Katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Amina.